Mkonge si Singa Peke Yake

Tangu Richard Hindorf alipoingiza miche ya mkonge Tanganyika mwaka 1893, jina la Tanga limefungamana na zao hilo. Lakini hesabu yake ni ile ile. Katika kila kilo 100 za majani mabichi yanayopita kwenye korona, singa kavu zinazopatikana ni kama kilo 4 tu. Yaliyosalia hutupwa. Hurundikana na kuoza, na maji yake makali yakifika mtoni huwanyima samaki hewa.

Ni kosa kubwa kuyaita mabaki hayo takataka. Katika miaka ya 1950 viwanda vya dawa vya Uingereza vilitumia hekojenini, iliyotolewa katika maji ya mkonge wa Afrika Mashariki, kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Asidi ndiyo iliyokuwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kumalizika. Manamba walitoa jasho mashambani. Thamani ikaongezwa ng'ambo.

Wapo wanaodai kwamba kemia ya namna hiyo ni ya mataifa makubwa. Hale, wilayani Korogwe, inawakanusha. Mwaka 2008 ulizinduliwa hapo mtambo wa kuzalisha umeme wa kilowati 150 kwa gesi ya mabaki ya mkonge. Vichocheo vyake havikuagizwa kwa fedha za kigeni: ni vimeng'enya vya bakteria, ambao huvunjavunja mabaki ndani ya tangi lisiloingia hewa na kutoa gesi inayowaka. Tope linalobaki hurudi shambani kuwa mbolea. Ni kweli kwamba kiwanda cha dawa kinahitaji mtaji mkubwa na wataalamu wengi. Tangi la gesi halihitaji makuu hayo.

Wakati huo huo, miti ya Handeni inaendelea kukatwa na kuchomwa mkaa. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Agizo ni jema, lakini agizo peke yake haliivishi maharage. Ni aibu shule ya bweni iliyo jirani na korona kuhangaikia nishati, ilhali nishati inaoza ng'ambo ya ua wake.

Wajibu basi uko wazi. Maofisa wa kilimo na ushirika wahakikishe kwamba mikataba ya wakulima wadogo wa Hale, Magunga na Ngombezi inalihesabu jani zima. Mkulima anayelipwa kwa singa tu huku mabaki yake yakigeuzwa kuwa mali ya mwingine, ananyonywa hata kama mizani ni sahihi. Wahandisi wa wilaya wapime korona zote na jiko lililo karibu na kila moja. Nao walimu wa kemia waache kufundisha vichocheo kwa mifano ya viwanda vya Ulaya pekee. Debe lililofunikwa barabara, lenye mabaki ya mkonge na samadi kidogo, litamfundisha mwanafunzi wa Korogwe mengi kuliko ubao.

Nchi inayouza kilo 4 na kutupa 96 haina haki ya kulalamikia bei ya soko la dunia kabla ya kulaumu uzembe wake yenyewe.