MEZA ISIYO NA UKINGO ISIPOKEWE

Ndugu wanaushirika,

Kazi ya meza za vipande vya vigae, ambayo kila mmoja anaifanya nyumbani kwake, imeanza kutuletea fedha. Vigae vilivyovunjika vilikuwa vinatupwa, leo vinanunuliwa. Ni jambo jema. Lakini tuambiane ukweli: mwezi uliopita meza yetu moja imerudishwa. Plaiwudi imevimba, vigae vya pembeni vimebanduka, na mtoto wa mnunuzi amechanika kiganja. Fedha tumerudisha. Aibu imebaki.

Wapo wenzetu wanaosema eti ukingo ni pambo tu, unaongeza gharama. Sisi hatukubali. Kigae cha pembeni hakina mwenzake wa kukishika upande wa nje. Kikigongwa kidogo tu, kimetoka! Kikitoka, maji yanapenya, plaiwudi inavimba, na vingine vinafuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kosa la pili ni kumaliza vigae kwanza, ndipo mtu aanze kutafuta ubao wa ukingo. Jamani, ukingo unatangulia! Pima hivi: plaiwudi milimita 18, gundi 3, kigae 8, jumla 29. Basi ukingo uwe na kimo cha milimita 29. Ukizidi, maji yatatuama juu ya meza. Ukipungua, ncha za vigae zitabaki wazi, na hizo ndizo zinazochana watu. Ubao upigwe randa na msasa, ushikwe kwa gundi ya mbao na skrubu, kisha upakwe vanishi.

Vigae vipangwe kuanzia pembeni kuja katikati, na vile vyenye upande ulionyooka vikae ukingoni. Gundi ikikauka siku nzima, jaza simenti nyeupe katika nafasi zote, hata ile iliyo kati ya kigae na ukingo. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijashika sana. Na unapovunja vigae kwa nyundo, vifunike kwa gunia. Jicho halina spea.

Maoni yetu ni haya: kuanzia sasa meza isiyo na ukingo isipokewe ghalani, hata kama ni ya kiongozi. Afadhali tuuze meza 3 imara kuliko 10 za kurudishwa. Asiye na randa aje aazime ya ushirika. Asiyejua kupima aulize, si aibu. Mkutano ujao jambo hili tulipigie kura.

Sisi mafundi wenzenu.