Aliyeumia Ubongo Ahitaji Bingwa wa Kumrejesha Darasani

Sisi tukaao Kahawa Sukari tumeizoea barabara kuu ya Thika kama wavuvi walivyoizoea bahari: hutulisha, na mara kwa mara hututoza mtu. Tangu upanuzi wake ukamilike mwaka wa 2012, magari hupita kwa kasi ambayo fuvu la binadamu halikuumbwa kuihimili. Wapo wagongwao wakivuka, na wapo waangukao na bodaboda bila kofia. Hata hivyo, hoja yangu si ajali, bali yale yamfikayo majeruhi baada ya kuambiwa kwamba amepona.

Madaktari wapasuaji wa ubongo tunao, ingawa ni wachache, na Chuo Kikuu cha Nairobi huwafunza. Hao huokoa uhai. Lakini kuondoa damu iliyovilia kichwani ni kazi moja. Kumrudishia mtu kumbukumbu, usemi na subira ni kazi nyingine. Kazi hiyo ya pili huitwa utengamao, nayo ina mabingwa wake.

Mwalimu mwenzangu aliwahi kunionyesha daftari la mvulana aliyerejea shuleni miezi mitatu baada ya kuangushwa na pikipiki. Nywele zilikuwa zimelifunika kovu. Kijana aliandika nusu ukurasa, kisha akalisahau swali lenyewe. Zamani alikuwa mpole. Sasa neno dogo lilimpandisha hasira. Ripoti ya muhula ikamwita mvivu na mkaidi. Walimu waliandika walichokiona. Hakuna aliyewaeleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia, mtu hupungukiwa na uwezo wa kupanga, wa kushika alichokusudia na wa kujizuia.

Je, wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa matamshi hawatoshi? Kazi yao ni kubwa, na pasipo wao hakuna utengamao. Lakini yako maswali yampasayo daktari. Huenda uchovu wa kijana huyo unatokana na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ikijeruhiwa homoni hupungua. Huenda kifafa kinamnyemelea. Huenda dawa aliyopewa ili atulie ndiyo inayomfifisha akili, maana zipo dawa za namna hiyo. Bingwa huyapambanua hayo, kisha huwaongoza wenzake wote, mwalimu akiwamo: masomo yapunguzwe kwa muda gani, mapumziko yawe mangapi.

Mwaka wa 2009 watafiti walichapisha makala kuhusu ubingwa huu, wakiiweka Afrika iliyo kusini mwa Sahara pamoja na Antaktika, bara la barafu. Walihesabu mabingwa sita, wote Afrika Kusini, kwa watu zaidi ya milioni 780. (Ndege wa Antaktika angalau hawapandi bodaboda.) Nchini Marekani, mtihani wa kwanza wa ubingwa wa majeraha ya ubongo ulifanywa mwaka wa 2014 tu. Elimu hii ingali changa hata kwa wenye mali. Hatujachelewa kiasi cha kukata tamaa.

Nao mlango wa kubisha uko jirani. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina kitivo cha udaktari, na hospitali ya rufaa yenye jina lake ilianza kuwahudumia wagonjwa mwaka wa 2019. Wateuliwe madaktari vijana wawili, wapelekwe nje ya nchi wakasomee ubingwa huu kwa gharama ya umma, na wafungwe kwa mkataba wa kurudi kufundisha. Wanafunzi wa udaktari wasomao ukurasa huu wasingoje tangazo. Wamwulize mkuu wa kitivo chao muhula huu.