Sura ya Mtawala na Dhana ya Ukumbusho

Imezoeleka katika uhakiki wa sanaa kudai kwamba picha ya mtawala ni chombo cha mtawala. Dai hili ni sahihi, ila halijitoshelezi. Katika Zaire ya Mobutu Sese Seko, sura ya Rais ilitundikwa maofisini, ikachapwa kwenye noti na hata kwenye vitenge. Raia aliivaa maungoni, apende asipende. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi waliuza sura nyingine: ya Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Hii watu waliinunua kwa fedha zao wenyewe na kuitundika sebuleni.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliichora historia ya nchi yake kwa picha takriban 100, na mnamo 1973 na 1974 akamfafanulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana yake, kwa Kiswahili. Maiti ya Lumumba ina jeraha ubavuni. Nyuma yake imesimama misalaba mitatu. Hapahitajiki mfasiri.

Picha za namna hii wenyeji waliziita ukumbusho. Yafaa neno hili lichunguzwe. Halikutokana moja kwa moja na kumbuka, bali na kumbusha, kitenzi cha kusababisha. Kumbukumbu huhifadhiwa, ukumbusho humtenda mtazamaji. Picha ndiyo mtendaji. Tena Mobutu mwenyewe alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, hivyo mwenye nyumba hakuwa ametundika kitu cha haramu. Mgeni aliketi chini ya picha iliyoruhusiwa na serikali, akakumbushwa jambo ambalo serikali isingependa lijadiliwe: nani alimwangusha Lumumba, na nani alinufaika.

La kusikitisha ni kwamba idara za Kiswahili za Afrika Mashariki zimewaachia wanaanthropolojia hazina hii. Kiswahili cha Shaba huitwa kibovu, nacho kikishaitwa hivyo hakuna anayekitarajia kuwa na nadharia. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika juu ya picha na mamlaka huanza kwa kutafsiri istilahi za Kiingereza, ilhali mchoraji wa Lubumbashi, bila shahada yoyote, alikuwa na neno lake tayari. Kitabu cha Fabian cha mwaka 1996 kilichoyaeneza maelezo ya Tshibumba kwa wasomi wengi kimeandikwa kwa Kiingereza.