Karatasi ya dawa kwenye kioo cha mlango

Ndugu mwandishi, mfumo wa kielektroniki wa kuagiza dawa umeueleza vizuri, ila sisi wauguzi umetupitia juu juu. Mwaka 2020 nilikuwa wodi ya Korona katika hospitali moja Uingereza. Karatasi ya dawa ikishaingia kwa wagonjwa haikuruhusiwa kutoka. Daktari alisimama nje, mimi nikaibandika kwenye kioo cha mlango, naye akasoma na kunakili. Siku moja mikrogramu zikageuka miligramu. Mfamasia aliliona kosa kabla sijavuta dawa kwenye sindano. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Mfumo huo ulipokuja, daktari aliagiza akiwa nje, nami nikaona papo hapo kando ya kitanda, pamoja na dawa zinazomdhuru mgonjwa. Na Juni 16 mwaka huo, utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY ulipotangaza kuwa dawa ya deksamethasoni inaokoa maisha ya wagonjwa wa Korona wanaohitaji oksijeni, haikuwa lazima kila daktari akariri dozi: miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku 10. Agizo liliwekwa tayari kwenye kompyuta.

Ila usituambie mafunzo ya kutumia mfumo huo yalitosha. Wauguzi wa zamu za muda walifika usiku bila nywila. Mmoja wao alisimama na gauni, barakoa na glavu mbili, mgonjwa anagumia kwa maumivu, morfini iko kabatini, na kompyuta inamkatalia. Simu ya kitengo cha kompyuta iliita hadi ikakatika. Wanaopanga kuanzisha mfumo huu waanze na zamu hiyo ya usiku.