Figo Si Nauli ya Kutoka Kambini

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo watu wanaliongea kwa sauti ya chini: biashara ya figo. Mtusamehe tukionekana tuna hasira. Tumechoka kusikia ati, "Mbona ulale njaa na una figo mbili?" Zamani huo ulikuwa mzaha wa vijiweni. Tangu mgao ukatwe mwaka 2025, kuna watu wanauliza hivyo wakimaanisha kabisa.

Tuanze na yale yanayojulikana. Aprili 2025, waandishi wa habari wa Ujerumani, wa Der Spiegel, ZDF na DW, walitoa uchunguzi wao kuhusu hospitali moja ya binafsi huko Eldoret. Walieleza kwamba vijana maskini wa Kenya walitolewa figo kwa ajili ya wagonjwa wenye pesa, wengine kutoka Ujerumani na Israeli. Kampuni iliyowatafutia wagonjwa figo ilikuwa inataka kati ya euro 100,000 na 200,000. Kijana mmoja aliyehojiwa alisema aliahidiwa dola 6,000, akapewa 4,000. Karatasi alizotia sahihi zilikuwa za Kiingereza, hakuzielewa, na hakuna aliyemweleza hatari. Hospitali ilikana. Wizara ya Afya ikasimamisha upandikizaji wa figo pale na kuunda kamati ya kuchunguza.

Eldoret si ng'ambo. Mabasi ya kutoka Kakuma kwenda Nairobi yanapita hapo. Na huyo kijana alikuwa raia, mwenye kipande, mwenye chifu, mwenye ukoo wa kumlilia. Kama yeye aliwekewa karatasi asiyoielewa, je, sisi wa hati ya mkimbizi, ambao hata kutoka kambini tunaomba ruhusa, tutawekewa karatasi gani?

Sasa kuna wale wanaotujibu: "Mwili ni wangu, figo ni yangu, nyinyi mnanipangia nini?" Hilo swali tunaliheshimu kwa sababu linatoka kwa mtu mwenye shida ya kweli. Lakini tujibuni: kama figo ni yako na biashara ni safi, kwa nini dalali anakufundisha kwanza kudanganya? Anakwambia useme mgonjwa ni binamu yako, useme hukulipwa chochote, unafanya kwa upendo tu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya maandishi, na inakataza mtoaji kulipwa zaidi ya kurudishiwa gharama zake. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa unawekewa uongo mdomoni. Baadaye ukipunjwa pesa, ama kidonda kikioza, utamshtaki nani? Ulishasema mwenyewe kwamba ulitoa bure. Uongo huo unamlinda dalali, na wewe ndiye umeutia sahihi.

Halafu tuiangalie hiyo pesa. Mwaka 2002 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanywa Chennai, India, kwa watu 305 waliouza figo. Asilimia 96 waliuza ili walipe madeni. Baada ya kuuza, mapato ya familia zao yalishuka kwa karibu theluthi moja, na wengi walisema afya yao imedhoofika. Asilimia 79 walisema hawawezi kumshauri mwingine afanye hivyo. Someni hiyo tena polepole. Waliuza figo ili watoke kwenye deni, na mapato yakashuka. Mtu wa kubeba mawe, wa kuchimba, wa kusukuma mkokoteni, ukimpasua ubavu umempunguzia kazi. Na aliyetoa figo anahitaji kupimwa presha na mkojo miaka yote iliyobaki. Hapa kwetu dawa ya malaria yenyewe inaisha kabla foleni haijaisha.

Huko Cairo, mtafiti Seán Columb alizungumza na wahamiaji wa Kiafrika waliouza figo zao, wengi Wasudani. Baadhi walitafuta pesa ya kuvuka bahari kwenda Ulaya. Hao ni sisi. Ni mtu aliyekimbia vita, akakosa karatasi na kazi, akakuta kitu pekee anachoruhusiwa kuuza ni kile kilicho ndani ya tumbo lake. Tukiita hiyo hiari, tunalitukana hilo neno.

Lakini kuna upande mwingine lazima tuuseme, hata kama utatukosanisha na watu. Ni hizi sauti za WhatsApp. Kila mtoto akichelewa kurudi, ati ameuzwa figo. Watu wakija kuomba damu, ati wanapima ya nani inauzika. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya mbali na kufia huko, ati walimtoa viungo. Tunajua hofu hii inatoka wapi. Babu zetu walikuwa na hadithi za mumiani anayenyonya watu damu, na walizisimulia kwa sababu wakubwa wa wakati ule waliwachukua watu bila kuwaeleza kitu. Lakini figo haiibwi gizani kwa kisu cha jikoni. Inahitaji vipimo vya kulinganisha damu na chembe za mwili, chumba cha upasuaji, madaktari, wauguzi, na mgonjwa aliyeandaliwa. Ni kazi ya watu wengi na karatasi nyingi.

Na hapo ndipo uvumi unapomsaidia mwizi. Sisi tunamngoja mumiani usiku na rungu. Dalali anakuja saa nne asubuhi, amechana nywele vizuri, ananunua soda, anauliza habari za mama, anatoa nauli. Hatumshuku kwa sababu hafanani na hadithi. Huku mama mjamzito anavuja damu hospitalini na vijana wamekataa kutoa damu kwa sababu ya sauti ya dakika mbili isiyo na jina la aliyeisema.

Mashirika na hospitali msicheke, maana na nyinyi tuna maneno yenu. Mnatuita wajinga wa uvumi, lakini imani haiji kwa bango lililoandikwa Kiingereza. Hata Ujerumani, nchi ya hospitali kubwa, mwaka 2012 iligundulika kwamba huko Göttingen taarifa za wagonjwa zilibadilishwa ili baadhi yao wapande juu kwenye orodha ya kungojea kiungo. Watu walivunjika moyo. Waliotoa viungo baada ya kufa walishuka kutoka 1,046 mwaka huo hadi 876 mwaka 2013. Wale wamesoma, wana bima, wana mahakama, na bado walirudi nyuma walipoona udanganyifu. Mnategemea sisi tuamini kwa nini?

Tunajua pia kwamba mlango unaweza kulindwa. Mwaka 2022 kijana mmoja muuza bidhaa za simu katika mitaa ya Lagos alipelekwa London, akaambiwa ajifanye binamu wa binti wa seneta wa Nigeria, Ike Ekweremadu. Daktari wa Royal Free Hospital alikaa naye, akamuuliza, akaona kijana haelewi kinachotaka kufanywa, akakataa upasuaji. Baadaye kijana alikimbilia polisi. Mei 2023 seneta alihukumiwa kifungo cha miaka 9 na miezi 8. Mtu mkubwa, mwenye cheo na pesa, alisimamishwa kwa sababu kuna mtu kazi yake ilikuwa kuuliza maswali, na aliifanya.

Basi madai yetu ni haya. Anayetaka kutoa figo aelezwe kwa lugha yake, iwe Kiswahili, Kisomali, Kidinka, Kirundi ama Kilingala, na mkalimani asiwe mtu aliyeletwa na dalali ama na familia ya mgonjwa. Kuwe na mtu wa pembeni, asiyelipwa na timu ya upasuaji, wa kukaa naye peke yake na kumwambia kwamba anaweza kubadilisha mawazo hata akiwa mlangoni. Akishatoa, apimwe kila mwaka, na ijulikane nani analipia. Uvumi ukitokea, mje kwenye mkutano wa bloku mjibu mbele ya watu. Msitutumie kikaratasi.

La mwisho ni kwa serikali na polisi. Msimkamate aliyeuza mkamwacha aliyenunua. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 inasema wazi: pale ambapo mtu amedanganywa, ama unyonge wake umetumiwa vibaya, ridhaa yake haimwokoi aliyemsafirisha kwa ajili ya viungo. Aliyeuza akiogopa jela atafunika kovu kwa shati, na dalali atarudi wiki ijayo kumchukua mdogo wake.

Hatupingi kutoa kiungo. Dada akimpa kaka yake figo kwa moyo wake, hiyo ni sadaka kubwa, na padri na sheikh wa hapa wanaweza kuisema hivyo bila sisi. Wana-kambi wenye figo zilizokufa wapo, na wao pia wanahitaji mtu wa kuwapenda na hospitali ya kuwapokea. Tunachokataa ni njia yenye mlango mmoja, ambapo viungo vinatoka kwa maskini kwenda kwa tajiri na havirudi hata siku moja.

Kijana, ukiletewa hayo maneno, usikubali wala usikatae peke yako. Njoo kwetu, ama mwambie mama, mwalimu, kiongozi wa bloku. Uliza swali moja tu: "Kwa nini nidanganye?" Utaona atakavyotafuta viatu vyake.

Sambazeni kwa lugha zenu. Tuko pamoja.