Naibu bila faili ni kiti tu

Usiku wa kuamkia tarehe 29 mwezi wa tano 2024 tulikaa macho mbele ya televisheni ya taifa, tukingoja majina. Judith Suminwa aliteuliwa Waziri Mkuu tarehe 1 mwezi wa ine, mwanamke wa kwanza katika historia ya inchi yetu, na ikaomba karibu miezi miwili ili wakubwa wa Union sacrée wasikilizane juu ya viti. Tuhesabu pamoja: Vice-Premier Ministre 6, Ministre d'Etat 10, Ministre 24, Ministre délégué 4, Vice-ministre 10. Jumla 54, bila kumuhesabu Waziri Mkuu mwenyewe.

Leo tunaongea juu ya wale 14 wa mwisho.

Siye hatupinge waziri mkubwa kupewa mwenye kumusaidia. Wizara kama ya ulinzi, katika hii vita yetu, mtu mumoja hataiweza. Lakini someni Katiba, kifungu cha 95: vice-ministre anatumika chini ya waziri wake, anashika nafasi yake akikosekana, na kazi ingine ni ile anayopewa na ordonnance ya kupanga serikali. Mwenye kutia sahihi kwenye arrêté ni waziri. Sasa mkubwa akikaa juu ya mafaili yote, naibu anabakia na nini? Ofisi, jeep, walinzi, na kabineti yenye kulipwa na pesa ya raia. Na tusidanganyane: mara mingi hawa wawili hawatoke chama kimoja. Wanawekwa pamoja ili mmoja achunge mwenzake.

Kuna mfano mwengine, na ni haki tuuseme. Mwaka 2019 Irène Esambo aliwekwa ministre déléguée kwenye Affaires sociales, upande wa watu wenye kuishi na ulemavu. Yeye mwenyewe anaishi na ulemavu. Faili yake inajulikana, na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 sheria ya kulinda haki za hao watu ilitoka, namba 22/003. Je, mama mwenye kuvukisha mizigo pale Petite Barrière juu ya kinga ya magurudumu tatu amekwisha kuona faida? Bado sana. Lakini anajua ni mlango gani wa kugonga, na ana karatasi ya kuonyesha.

Wakimbizi wetu wagonge wapi? Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi upande wa Lac Vert na Mugunga. Watu walikufa ndani ya mahema, na watoto walikuwemo. Hapa Goma, tangu état de siège ianze tarehe 6 mwezi wa tano 2021, mpaka 2024 hatukuwa hata na waziri wa mkoa: gavana alikuwa mwanajeshi, naibu wake alikuwa polisi. Basi yote ilitazama Kinshasa. Kati ya wale 14, nani aliandikiwa faili ya Bulengo na Kanyaruchinya? Nani ya wajane wa askari? Mwaka 2024 kulikuwa ministre délégué wa anciens combattants, Eliezer Ntambwe. Vizuri. Alikuwa na ligne gani kwenye bajeti?

Hii ndiyo tuliomba wadeputé wa Kivu ya Kaskazini waulize. Waziri Mkuu alilazimika kupitisha programu yake mbele ya Assemblée nationale mwaka 2024. Kabla ya kura, atuambie kwa kila mmoja wa wale 14: faili gani, pesa gani, na anaweza kuamua nini bila kungoja mkubwa arudi safari.

Masisi na Rutshuru hawakupiga kura tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023. Hawana wa kuwaulizia mle ndani, na watu wao ndio walijaa kwenye yale mahema mwaka 2024. Waheshimiwa wa Goma, hiyo sauti ni yenu kubeba. Musije kutuambia kwamba ilikuwa nidhamu ya chama.

Siku ya kura tulipanga kufuata kwenye simu. Majina ya wenye kuuliza tutayaandika hapa, na ya wenye kunyamaza vilevile.