Baridi ya Ruring'u na Amana ya Roho



Ndugu wasomaji, juma hili twaandika juu ya baridi. Aliyeko pwani huenda akacheka, kwani kwetu baridi ni ule upepo wa kusi unaotufanya tutafute shuka alfajiri. Lakini ni watoto wetu wangapi leo wanaosoma na kufanya kazi Nyeri, Nanyuki na Karatina? Wengine wako mbali zaidi, Minneapolis huko Marekani, ambako theluji hufunga njia. Yaliyotupata Ruring'u yanawahusu wote.

Tulikwenda kuwazuru jamaa zetu mwezi wa Julai. Nyeri imeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na katika miezi hiyo mawingu hutanda, jua likaadimika. Usiku wa pili uvumilivu ulitushinda. Tuliingiza jiko la makaa chumbani, tukafunga dirisha, tukaziba mwanya wa mlango kwa kanga, tukalala.

Kabla ya alfajiri tuliamka kichwa kikituuma na miguu haina nguvu. Mjukuu wetu alikuwa ametapika, na tulipomwita hakuitika. Tulipiga kelele. Mama jirani, asiyekuwa wa dini yetu wala hajui jina letu, aliusukuma mlango, akamtoa mtoto nje, kisha akalitoa jiko. Mtoto alizindukana katika baridi ile ile tuliyokuwa tukiikimbia, akapelekwa hospitali, akapona. Alhamdulillahi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; siku ile mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Kosa lilikuwa letu. Tulidhani moshi ukishaisha, jiko limekuwa salama. Kumbe makaa yawakayo mahali pasipopita hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huizuia damu isichukue oksijeni. Basi ota moto dirisha likiwa wazi, na jiko litoke kabla hamjalala. Usiku tegemeeni blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara.

Ama ibada, dini yetu ni nyepesi. Pasheni maji ya udhu. Hakuna thawabu ya kujitesa ilhali kuni zipo. Aliyevaa khofu za ngozi akiwa na udhu, zikafunika vifundo vya miguu, ana ruhusa ya kupaka maji juu yake: mkazi mchana na usiku wake, msafiri siku tatu. Na asiyepata cha kupashia maji, akahofia madhara, atayamamu. Amr bin Al-Aas alifanya hivyo usiku wa baridi kali, akatoa hoja kuwa Mwenyezi Mungu amekataza tusijiue, na Mtume (s.a.w.) akacheka asimlaumu. Wanazuoni wetu wa Kishafii humtaka mwenye udhuru huo ailipe Sala yake baadaye.

Hoja ya Amr tuliisomesha miaka mingi madrasa, na usiku ule tukaisahau. Roho ni amana. Leo, mzazi, mpigie simu mwanao aliyeko bara, umuulize jiko lake hulala wapi.

Wabillahi tawfiq.